Tenga la nyanya Ilula 12,000, Ilala 34,000: hiyo hela kala nani?

Dada mmoja anakaa Kimara, yuko mwaka wa tatu anasoma uchumi kilimo, kaniandikia hivi (nimefupisha): "Shikamoo mwalimu. Mjomba wangu analima nyanya Ilula, Iringa. Wiki iliyopita kauza shambani tenga 12,000, kesho yake mimi nikapita soko la Ilala hapa Dar nikakuta tenga linaenda 34,000. Nataka research yangu ya kumalizia iwe kuhusu madalali wanavyowanyonya wakulima, ila msimamizi wangu kasema topiki imechoka na kwamba nimeandika jibu kabla sijatafiti. Kwani sio kweli? Na kama bado nataka hii topiki nipime nini?"

Marahaba mdogo wangu. Nianze na msimamizi wako, huyo hajakuonea, kakuokoa. Research nyingi za hii topiki zinaenda hivihivi, mtu anachukua bei ya soko anatoa bei ya shamba, kinachobaki anakiita unyonyaji, halafu kwenye mapendekezo anaandika serikali iwaondoe madalali, basi kafunga kazi anasubiri joho. Hiyo 22,000 uliyoiona ipo kweli sikatai, lakini ni pengo tu, haijakwambia imegawanyika vipi wala kama kuna mtu kaiba.

Hebu tulifuate tenga la mjomba. Namba nitakazoweka ni za mfano, ukienda mwenyewe utaweka za kwako. Mnunuzi kalipa 12,000. Vibarua wa kuchuma na kupanga tuseme 1,000, tenga lenyewe la mbao 2,500, nafasi kwenye Fuso 5,000 (ni zaidi ya kilometa 400 hizo, Kitonga, Mikumi, Morogoro, Chalinze, mizani ya Vigwaza, foleni mpaka unaingia mjini), ushuru 1,000, kupakia na kushusha 1,000. Hapo tenga limefika Ilala likiwa limeshakula 22,500 na halijauzwa bado. Sasa nyanya sio mahindi, zinapondeka, zinaiva njiani, zile za chini zinabeba uzito wa za juu. Tuseme katika matenga kumi yaliyopakiwa, yanayouzika kwa bei ya kueleweka ni tisa. Ina maana gharama ya kumi inabebwa na tisa, 225,000 gawa kwa tisa ni 25,000, weka 2,000 ya dalali wa sokoni ni 27,000. Kwenye 34,000 anabaki na 7,000 kwa tenga.

7,000 juu ya 27,000 ni kama asilimia 26 kwa siku mbili tatu, utasema si ndo hiyohiyo faida nono niliyokuwa naisema! Subiri. Bei ya 34,000 uliiona siku hiyo uliyopita. Magari yakiingia mengi usiku mmoja, ya Ilula yakakutana na ya Dumila na ya Lushoto, asubuhi bei imekata iko 26,000 na yule bwana kapoteza 1,000 kwenye kila tenga, na hawezi kusema ngoja nizirudishe ndani nitauza wiki ijayo. Mzigo ukidoda anauza bei ya kutupa. Kwa hiyo faida ya mfanyabiashara wa nyanya haipimwi kwa safari moja, inapimwa kwa msimu mzima, safari alizopata na alizoliwa. Na hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni, ukienda sokoni na hojaji yako utawakuta waliobaki tu. Waliofilisika msimu uliopita wamesharudi kwao au wanaendesha bodaboda, hawapo kwenye sampuli yako, ukichukua wastani wa faida ya waliobaki utapata biashara tamu kuliko ilivyo. Watafute na walioacha. Makuli wanawajua, waulize.

Sasa mpaka hapa utadhani nawatetea wafanyabiashara. Hapana, twende kwenye kipimo, maana hapa ndo hela inapotelea kimyakimya.

Umeniandikia "tenga 12,000" na "tenga 34,000" kama vile ni tenga moja. Uliyapima? Shambani tenga linajazwa kwa kilemba, zinapandishwa juu mpaka zinafungwa na majani na kamba. Sokoni kilemba hakipo. Tuseme la shambani lilikuwa na kilo 55 na la sokoni lina 45. Matenga tisa ya mjomba ni kilo 495, na kilo 495 ukizigawa kwa 45 ni matenga kumi na moja kamili! Yaani mawili yamezaliwa njiani, hayajalipiwa shambani lakini sokoni yanauzwa 34,000 kila moja kama ndugu zake. Ukitumia bei kwa tenga, mgao wa mjomba ni 12 kwa 34, asilimia 35. Ukitumia bei kwa kilo ni shilingi 218 kwa 756, asilimia 29. Hakuna mtu aliyebadilisha bei, umebadilisha mizani tu.

Ndo maana kwenye viazi na vitunguu kelele za lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) haziishi. Sheria ya vipimo ipo, Wakala wa Vipimo wanakamata, gunia mwisho kilo 100, lakini ukienda Ruaha Mbuyuni wakati wa vitunguu au Njombe wakati wa viazi mkulima mwenyewe atakwambia mnunuzi anasema nisipojaza anaenda kwa jirani. Na jirani atajaza. Kwa hiyo lumbesa ni bei iliyoshushwa bila kutamkwa, na inakwambia kitu kuhusu nguvu ya huyo mnunuzi pale shambani kuliko swali lolote la "je unanyonywa, ndiyo au hapana".

Mwisho wa mnyororo nako ni hivyohivyo. Kwenye genge la Kimara kwako fungu la nyanya la 500 linabaki la 500 mwaka mzima. Masika bei ya jumla ikipaa mama wa genge habadilishi bei, anapunguza nyanya, zilikuwa sita zinakuwa tatu na moja ina kovu. Ukirekodi bei ya fungu utaandika kwenye ripoti kwamba bei ya rejareja haijabadilika. Nenda na mzani mdogo wa jikoni, nunua fungu, pima, andika gramu. Na sado vilevile, kuna sado iliyojaa na kuna sado ambayo chini imewekwa kitu.

Haya, tuje kwa dalali mwenyewe. Kwanza tofautisha watu, maana Dar kila mtu wa kati tunamwita dalali. Kuna yule wa kijijini anayempeleka mnunuzi shamba kwa shamba, kuna mfanyabiashara mwenye hela na mzigo, na kuna dalali wa sokoni ambaye mzigo sio wake, yeye anauza kwa niaba. Huyu wa mwisho nenda ukamwangalie alfajiri pale Ilala magari yakishusha. Anafunua majani, anaingiza mkono mpaka katikati ya tenga, anatoa nyanya ya chini sio ya juu, anaibonyeza, akitoka na iliyolowa bei ya lile tenga inashuka palepale na hakuna anayebishana naye. Zilizolowa zinatengwa, ndo masalo hayo ya watu wa chipsi na mama lishe. Amepanga madaraja ya ubora kwa vidole, bila maabara, na bila hiyo kazi mnunuzi wa jumla angeogopa tenga la mtu asiyemjua.

Halafu kuna mali kauli. Wamama wengi wa magenge wanachukua mzigo asubuhi wanalipa jioni au kesho, na anayewakopesha ni dalali kwa sababu anawajua kwa sura, anajua nani analipa na nani anahama. Wewe na mjomba mkileta Fuso yenu mnaanza biashara na watu msiowajua, mnataka keshi, wao hawana keshi. Utaona mzigo umelala. Ndo maana "tuwaruke madalali" inaonekana rahisi ukiwa Kimara lakini ikifika saa kumi alfajiri unamtafuta mwenyewe.

Ila anaiba? Wapo wanaoiba, na wizi wake una jina, cha juu. Kauza 34,000, anakupigia simu mkuu leo soko baya nimetoa kwa 30,000, elfu nne anaweka mfukoni na bado anakata kamisheni yake. Hii inapimika, linganisha bei aliyoripoti kwa mwenye mzigo na bei aliyolipa mnunuzi siku hiyohiyo daraja hilohilo. Usimuulize dalali cha juu chako shilingi ngapi, hakujibu mtu. Waulize wanunuzi umenunua bei gani, waulize wenye mizigo umetumiwa ngapi.

Sasa utaniambia si mjomba ana simu, si ampigie mtu Ilala ajue bei? Hapa ndo utafiti wa wenzetu unanoga. Robert Jensen alichapisha mwaka 2007 kazi kuhusu wavuvi wa dagaa wa Kerala, India. Kabla ya simu boti zinaingia pwani moja samaki wamezidi wanatupwa, pwani ya jirani wanunuzi wanakosa samaki. Mtandao ulivyofika wavuvi wakawa wanapiga simu wakiwa bado majini wanachagua pwani, utupaji ukaisha kabisa, faida ya wavuvi ikapanda kama asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka asilimia 4. Kila mtu akashangilia simu. Halafu Marcel Fafchamps na Bart Minten wakaenda Maharashtra, India hiyohiyo, wakawapa wakulima meseji za bei za masoko kwenye simu, matokeo yaliyochapishwa 2012 hayakuonesha ongezeko la maana la bei anayopata mkulima.

Kwanini? Mimi naona jibu liko kwenye boti. Mvuvi wa Kerala ana chombo, akijua bei anageuza usukani. Mjomba akijua bei ya Ilala ni 34,000 anageuza nini? Fuso sio yake, matenga yake 20 hayajazi gari, nyanya zimeshaiva, na mnunuzi aliyesimama shambani anajua yote hayo. Taarifa bila njia ya kuondoka haimpi mtu nguvu ya kubishana. Kwa hiyo kwenye hojaji usiulize tu "je unajua bei ya Dar", uliza wanunuzi wangapi walikuja shambani kwako siku ile ya mchumo, na ungekataa ungefanya nini.

Maana ushindani ndo swali lenyewe. Kenya, Lauren Bergquist na Michael Dinerstein walifanya jaribio kwenye masoko ya mahindi, wakachapisha 2020. Waliwapunguzia wafanyabiashara gharama wakaona ni kiasi gani kinamfikia mlaji kwenye bei, ikawa kama asilimia 22 tu. Kungekuwa na ushindani mkali karibu yote ingepita. Wakaleta na wafanyabiashara wapya, bei haikushuka sana, wageni walivyofika walicheza ngoma iliyokuwa inapigwa. Hiyo ndo aina ya ushahidi unaoweza kusimama ukasema hapa kuna watu wanaelewana. Lakini ni mahindi ya Kenya upande wa kuuza, usiibebe ukaibandika Ilula kwenye nyanya kama ilivyo.

Na kuna kitu ambacho madalali hawahusiki nacho hata kidogo, mjomba na majirani zake wenyewe. Nyanya zikipanda bei mwezi huu kila mtu anakimbilia kitaluni, miezi mitatu baadae wote wanachuma wiki moja, bei inaanguka, msimu unaofuata wanaacha, bei inapanda tena. Wachumi wanaiita utando wa buibui, kwa sababu ukiichora kwenye grafu inazunguka hivyo, na Mordecai Ezekiel aliiandikia vizuri tangu 1938. Juu yake weka ugonjwa wa bakajani wakati wa mvua na mdudu kantangaze aliyeingia nchini 2014, msimu mmoja anafyeka mashamba upande mmoja upande mwingine wanavuna utajiri. Kwa hiyo bei uliyoiona siku moja ni picha ya siku moja. Ukitaka kusema bei za Ilula na Dar zinaongea, unahitaji bei za kila siku, angalau msimu mmoja, halafu uangalie Dar ikipanda Ilula inachukua siku ngapi kupanda, na Dar ikishuka Ilula inachukua siku ngapi kushuka. Kama kushuka kunafika siku ileile na kupanda kunachelewa, hapo una hoja nzito. Wizara ya Viwanda na Biashara inakusanya bei za jumla za mahindi, mchele, maharage na viazi mviringo kutoka mikoani, ukikwama kwenye nyanya unaweza kufanya zoezi hilo kwa viazi, sio dhambi.

Ushuru nipite haraka. Bajeti ya 2017/18 ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Rekodi kilicholipwa na risiti iliyotolewa, kama havilingani andika. Na usije ukaniletea pendekezo la stakabadhi ghalani kwa nyanya kwa sababu tu umesikia korosho za Mtwara, ule mfumo una sheria yake ya 2005 na korosho ziliingia 2007, lakini korosho inakaa ghalani miezi inasubiri mnada. Nyanya itasubiri mnada gani?

Haya topiki yako. Mimi nakushauri uache "mchango wa madalali katika" sijui nini, ukamate kitu kimoja kinachopimika, na ninachokiona kina utamu ni deni. Pale Ilula utakuta wakulima waliokopeshwa mbegu, mbolea na dawa na mnunuzi kwa makubaliano kwamba mzigo ni wa kwake. Wengine wamelima kwa hela yao. Swali: siku moja, kijiji kimoja, nyanya za daraja moja, aliyekopeshwa analipwa pungufu shilingi ngapi kwa kilo kuliko asiyedaiwa? Hiyo tofauti ndo riba, haijaandikwa popote. Ukiijua unailinganisha na riba ambayo angelipa saccos au benki kama angepata, na hapo ndo utajua mnunuzi ni mkopeshaji wa kawaida au ni mkopeshaji wa kuumiza. Inawezekana kabisa ukakuta makato ni madogo kuliko ulivyodhani! Uwe tayari kuliandika hilo pia.

Shida yake ni kwamba wanaokopa sio sawa na wasiokopa. Wengi watakuwa na mashamba madogo, mbali na lami, labda hata mbegu za kawaida badala ya chotara, na hivyo vyote vinashusha bei hata bila deni. Kwa hiyo rekodi umbali mpaka barabara kuu, ekari, mbegu, mchumo wa ngapi (wa kwanza nyanya kubwa, za mwisho vidogovidogo), idadi ya wanunuzi waliokuja siku hiyo, na uzito. Uzito kwa mzani wako, usikubali "kama kilo hamsini hivi". Mzani wa kuning'iniza wa digitali hauna bei kubwa, utapata Kariakoo, ila uujaribu kwa kitu unachojua uzito wake kabla hujapanda basi.

Na mjomba asiwe kwenye sampuli. Awe mwenyeji wako, akutambulishe kwa balozi na mwenyekiti, akwambie nani anadaiwa na nani (maana hilo hutaambiwa kwenye hojaji siku ya kwanza), lakini namba zake ziache, msimamizi akijua atakutoa mbio. Barua ya chuo iwahi kijijini kabla yako.

Msimamizi akisema wakulima sitini ni wachache, mwambie utawafuata sitini haohao kwenye kila mchumo kwa msimu mzima, na kila mchumo ni bei mpya na uzito mpya. Andaa jedwali la kujazia kwanza, hojaji baadae, nitumie jedwali likiwa tupu nilione safu zake.